Pazia la Matambara

Jumatatu, 16 Juni

Hili sijamwambia mtu: chupa ya Serizawa ya kunyunyizia maji iko ndani ya begi langu, imefungwa kwenye fulana ya michezo. Niliichukua mchana, chumba cha sayansi kikiwa kitupu.

Sikuwa na njia nyingine. Klabu ya sayansi ina watu wawili, mimi na yeye, na maonyesho ya mkoa yametupa meza moja. Mwalimu Odagiri atachagua Ijumaa. Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Miaka yote miwili iliyopita nilibeba viti tu.

Serizawa anafuga kuvu ya njano inayotambaa sahanini kama uji wenye akili. Watu huipenda. Mimi nina uzi wa plastiki unaopitisha mwanga. Hewa ikiwa na unyevu, uzi huunywa, na mwanga ndani yake hutawanyika na kuvuja ubavuni. Nimeuweka kwenye sanduku jeusi lenye matundu ya hewa, na kifaa cha kupimia mwanga ubavuni mwake. Mchoro wa vipimo vyake ungepaswa kufuata mvua, sawa na kipimo cha unyevu nilichotundika dirishani. Haufuati! Kila siku ya shule saa tisa na nusu alasiri unapanda mlima, hata mvua ikiwa imekatika. Nani hunyunyiza maji saa hizo, hatua nne tu kutoka sandukuni? Basi.

Jumanne, 17 Juni

Serizawa aliniuliza kama nimeiona chupa yake. Nikamsaidia kuitafuta nusu saa nzima. Nilitafuta kwa bidii, hata nyuma ya kabati. Akanishukuru! Kisha akachovya vidole kwenye kikombe, akairashia kuvu maji. Mlima palepale. Mrefu zaidi.

Halafu Serizawa huchungulia sanduku langu. Kwa hiyo tangu mwezi uliopita, tukimaliza kudeki saa tisa, huchukua matambara yote ya kikundi chetu na kuyatundika kwa vibanio mbele ya sanduku. Pazia. Leo nimeongeza mawili ya darasa jirani. Yalinidondoshea maji kwenye soksi. Minowa, kiranja wa usafi, akapaza sauti: "Oya Kuwabara, umefungua dobi?" Nilicheka pamoja nao. Nyumbani sikula.

Jumatano, 18 Juni

Mpango mpya. Nimepeleka chumba cha sayansi mashine ya Bibi ya kukausha hewa na kuiacha ingurume usiku kucha. Uzi utakauka, mlima utakwisha. Bibi alilalamika kwamba magodoro yananuka unyevu, akauliza mashine iko wapi. Nikasema iko kwenye sayansi. Akasema basi sayansi nayo ije ilalie magodoro haya.

Alhamisi, 19 Juni

Mashine ilivuta lita tatu. Kuvu ya Serizawa imekauka. Imebaki ganda la rangi ya chungwa, kama kiini cha yai kilichosahaulika. Hakulia. Alilikwaruza taratibu kwa ukucha, akasema haijafa, imelala tu. Ikiloweshwa itaamka, ila si kabla ya kesho. Nilitazama viatu vyangu.

Leo hakuna aliyenyunyiza tone. Saa tisa na nusu: mlima. Nimeongeza matambara, sasa ni manane. Sijui nifanye nini tena.

Ijumaa, 20 Juni

Serizawa aliomba ruhusa kuona michoro yangu. Hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa ya chochote. Nikampa. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza mbona Jumamosi na Jumapili hazina mlima. Nikasema, kwa sauti ndogo, ni kwa sababu siku hizo yeye hayupo.

"Jumapili nilikuja kulisha kuvu," akasema. "Ambayo hayakuwepo ni matambara."

Nilikaa chini. Wiki tano! Wiki tano nimeupikia uzi wangu mvuke kwa mikono yangu, huku kipimo cha unyevu kikining'inia mbali dirishani.

Mwalimu Odagiri alifurahi sana. Alisema mchoro unaogundua tambara bichi ni bora kuliko ule unaogundua mvua, mradi niandike ukweli wote. Meza ni yangu. Serizawa alipiga makofi. Chupa ilikuwa bado begini mwangu.

Jumatatu, 23 Juni

Maonyesho ni Jumamosi. Serizawa ameshauri nisitundike kitu chochote karibu na sanduku wiki hii, ili uzi utulie na tuonyeshe mstari ulionyooka kando ya milima. Amejitolea pia kusimama nami mezani na kusema kwa niaba yangu, kwani sauti yangu haivuki meza.

Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Kwa nini anisaidie? Anataka nini?

Baada ya usafi nilingoja aondoke. Nilichukua matambara manane, nikayafua vizuri kwa sabuni, nikayatundika mbele ya sanduku asichungulie. Kisha nikafunga mlango, nikaenda nyumbani.