Mbegu Kumi na Kuku wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa mbegu kumi! Mtaalamu wa mimea kanihesabia mwenyewe kiganjani. Ni za kichaka kisichoota popote duniani ila kisiwani kwetu, na vimebaki saba tu, vyote kilimani, vyote vizee. Miaka mitatu kitalu chetu kimeshindwa kuotesha hata mbegu moja. Amesema atakayeweza ndiye atakayekuwa msimamizi wa kitalu. Msimamizi! Nimeanza kutembea mikono nyuma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeziloweka maji ya moto. Kimya. Nimekwaruza moja kwa msasa. Ulioisha ni msasa. Zina nini ndani hizi? Nikazianika uani kwenye ungo, nikaingia kunywa chai. Kikombe kimoja tu! Kurudi, namkuta kuku wa mama mkwe juu ya ungo. Zimebaki tatu. Mama mkwe kasema kuku wake hana kosa, mwenye kosa ni aliyemwandalia.

Ijumaa, 7 Machi
Wazo! Mtaalamu anarudi baada ya wiki mbili. Nimepanda pilipili kwenye vikopo saba, nikaviandika namba kwa mwandiko mzuri. Miche yote hufanana, nani atajua? Zile tatu nimezificha ndani ya soksi.

Jumanne, 18 Machi
Zimeota zote! Wenzangu kitaluni wamenipa mkono. Mmoja kaniuliza siri, nikamwambia ni subira. Nilijisikia vibaya hadi saa ya chakula. Nyumbani mama mkwe analalamika kuwa banda lake la kuku limeota magugu yenye vinyweleo. Nimemwahidi nitayang'oa. Nina mambo makubwa zaidi ya magugu.

Ijumaa, 21 Machi
Aibu! Mtaalamu aliinama, akatazama kikopo cha kwanza kwa muda mfupi mno. Akauliza kwa upole kama nyumbani tuna upungufu wa pilipili. Nikakiri yote, hadi kuku. Nilijua kazi imeota mbawa. Badala yake macho yakamtoka: kuku alikula lini? Analala wapi? Tukaenda mbio.

Bandani, katikati ya kinyesi, miche minne yenye vinyweleo. Mitatu mama mkwe alikuwa ameshaing'oa, kachoka kunisubiri. Mtaalamu akapiga magoti na suruali yake safi, machozi yakimlenga. Mimi pia, na sikuona haya. Kumbe firigisi ya kuku, na changarawe anazomeza, ndizo zinazosaga lile ganda gumu. Usimamizi kapewa mama mkwe. Eti kuku anamsikiliza yeye.

Jumamosi, 22 Machi
Mtaalamu anazitaka zile mbegu tatu Jumatatu, ili kuku apewe azimeze. Ameniomba nizitunze kama roho yangu, maana vichaka huenda visizae tena mwaka huu.

Lakini nimewaza. Kuku hajasoma hata darasa moja. Kama tumbo lake limeweza, la mfanyakazi wa kitalu mwenye cheti litashindwaje? Hakuna aliyewahi kujaribu! Nimezimeza zote tatu kwa glasi ya maji, pamoja na kijiko cha changarawe. Mbegu zimepita vizuri. Changarawe ndizo zimenisumbua kidogo.