Habari za Mchoraji Aliyevuka Barabara Kutafuta Weusi wa Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mlioketi, nanyi mliosimama kwa kukosa kiti! Anayekoroga chai aache kugonga kikombe, mwenye kikohozi akimalize sasa, maana nayaleta mambo mazito, ambayo waliokuwapo waliyaona kwa macho yao na wasiokuwapo wana haki ya kulia. Sitawasimulia majeshi yaliyovuka milima wala wafalme waliogombania viti. Hao wamesimuliwa hadi wamechakaa. Namleta kwenu Mchoraji, fahali wa karatasi nyeupe, aliyetoka nyumbani kwake saa nane na nusu mchana, jua likiwa limekasirika, akaenda kununua penseli. Nawe, ewe Kichongeo, mlaji wa miti usiyeshiba, unitie makali ulimini nisije nikavunjika katikati ya neno.

Chanzo cha vita kilikuwa uso wa Mama Mkwe.

Bibi huyo mtukufu alikuwa amekaa wiki mbili kwa binti yake, na siku hiyo ndiyo aliyokuwa akiondoka kwa basi la saa kumi. Alikuwa mweusi, weusi uliokolea na kung'aa, naye aliujua weusi wake na kuupenda. Tena alikuwa na swali moja, ambalo kwa miaka kumi na mmoja hakuacha kuliuliza kila alipopokea kikombe chake cha kwanza: "Na mkwe wangu, kazi umepata?" Mchoraji alichora nyuso za watu, akalisha watoto wawili kwa nyuso hizo, na kila mara alijibu, "Nachora, mama." Na kila mara mama alitikisa kichwa kwa huruma, kama aliyeambiwa habari za mgonjwa, akasema, "Mungu atafungua njia."

Neno hilo lilimchoma Mchoraji kuliko matusi. Ndipo akaapa kwamba safari hii mama hatapanda basi kabla hajajiona mwenyewe kwenye karatasi, akajua kazi ni nini. Asubuhi akamketisha dirishani, akachora kwa saa tatu. Lakini, enyi wasikilizaji, hakuna shujaa asiye na kosa! Penseli zake laini zilikuwa zimekwisha, akachukua za watoto za shule, ngumu kama msumari, akijidanganya kwamba penseli ni penseli.

Mama Mkwe aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaitazama. Akavaa miwani, akaitazama tena.

"Mkwe wangu," alisema, "kwani nimekufa lini?"

"Mama?"

"Nakuuliza wewe. Mimi ni mweusi. Mama yangu alikuwa mweusi, na bibi yangu ndiye aliyetugawia sote. Huyu marehemu wa kijivu umemtoa wapi?"

Mchoraji akainyakua karatasi, akakandamiza penseli kwa nguvu zake zote. Ikakwaruza. Ikang'aa kama sufuria ya bati. Akakandamiza zaidi, na tundu likafunguka katikati ya shavu.

"Umemtoboa mama," alisema mke wake, aliyekuwa akipita na ndoo.

Mama Mkwe akatazama saa ya ukutani. "Nitaketi tena saa tisa. Nusu saa tu. Basi halinisubiri, na mimi simsubiri mtu."

Hapo shujaa akajivika silaha. Alivaa kiatu cha kushoto, akavaa cha kulia, akafunga kifungo cha shati kilichobaki. Akasimama mlangoni, akamgeukia mkewe kwa sauti ya mtu anayekwenda asikojua. "Mke wangu! Nakwenda kutafuta weusi. Nisiporudi, waambie wanangu baba yao hakukimbia."

"Si unakwenda hapo ng'ambo tu?" alisema mkewe. "Angalia pikipiki."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vifaa vya shule, na ndani yake alitawala Mwenye Duka, malkia wa kaunta, mama wa madaftari, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumshinda kwa maneno akatoka na chenji yake kamili.

"Dada, za hapa? Natafuta penseli nyeusi."

"Karibu, zipo." Akamwekea tatu zilizopakwa rangi nyeusi kwa nje.

"Nyeusi ndani, dada."

"Kaka yangu, penseli zote ni nyeusi ndani. Wewe umeshaona nyeupe?"

Mchoraji akavuta pumzi, akainua mkono. "Sikia, ewe mlinzi wa mlango huu! Kuna penseli zenye moyo wa jiwe, ziandikazo kijivu na kuukwaruza uso wa karatasi. Hizo wape makarani. Na kuna penseli laini, ziendazo bila kusukumwa, ziachazo weusi kama masizi ya chungu. Hizo zimepigwa herufi B ubavuni, pamoja na namba, na namba ikipanda, weusi nao unapanda. Nipe namba nane! Nipe hata sita! Nikikosa kabisa, nne nitaipokea kwa machozi."

"Herufi hiyo mimi sijaiona," alisema Mwenye Duka, akashusha boksi. "Angalia mwenyewe."

Zilikuwamo penseli arobaini na tatu, zote za kijani, ngumu na laini zikiwa zimechanganyika kama abiria. Mchoraji akaigeuza ya kwanza kutafuta herufi, akakuta kibandiko cha bei. Akaigeuza ya pili: kibandiko. Ya kumi: kibandiko! Mwenye Duka alikuwa ametumia Jumapili nzima kuvibandika kimoja kimoja, kwa mstari, palepale penye maandishi, kwa sababu maandishi yale aliyaona yanachafua penseli.

"Naomba nibandue kimoja tu, dada yangu."

"Ukibandua, nitajuaje bei?"

"Si zote zina bei moja?"

"Leo. Kesho je?"

"Basi nichonge moja, niijaribu."

"Ukichonga, umenunua. Ukibandua, umenunua. Na ukiitafuna umenunua, maana wapo."

Na mfukoni mwa shujaa mlikuwa na fedha ya penseli moja. Saa ya dukani ilisema tisa kasoro robo. Akamwona mama mkwe dirishani kwa macho ya moyo, mkoba magotini, akisema Mungu atafungua njia. Akashika kaunta. Nasema kweli, alikaribia kununua yoyote na kumwachia Mungu.

Lakini alipoinamisha kichwa kwa huzuni, macho yakaangukia vitako vya penseli, pale mti ulipokatwa na moyo kuonekana. Moja ilikuwa na moyo mwembamba kama sindano. Jirani yake ilikuwa na moyo mnene. Akashtuka! Penseli laini huvunjika upesi, basi watengenezaji huunenepesha moyo wake ili ivumilie. Jambo hilo alilijua tangu ujana, ila hofu ilikuwa imelificha.

"Nipishe nafasi, dada!" alinguruma, akazipanga zote arobaini na tatu juu ya kaunta, vitako vikimwelekea. Akapita akizikagua, jicho moja limefumbwa. Wembamba wakaanguka kumi kumi bila kuhurumiwa.

Nyuma yake mwalimu mmoja, aliyekuja kununua chaki, alichoka kusubiri. "Kaka, unachagua penseli au mchumba?"

"Mchumba nilimchagua haraka kuliko hivi," alijibu Mchoraji bila kugeuka, "na ndiyo maana leo namchora mama yake."

Zikabaki tatu, wanene kwa wanene. Sheria ya duka ilikataza kuchonga, kubandua na kutafuna. Kuhusu kidole haikusema kitu. Akakisugua kidole gumba kwenye moyo wa kwanza, kikatoka na kivuli. Wa pili, kivuli. Wa tatu ukamwachia duara jeusi tii, naye akainua kidole juu kama mtu aliyetoka kupiga kura.

"Hii!"

"Zote ni sawa," alisema Mwenye Duka, akapokea fedha.

Saa tisa kamili alikuwa sebuleni akihema. Kichongeo kikaila ncha ya kwanza, kikaila ya pili, ndipo akakitupa, akachonga kwa wembe, polepole, ulimi nje. Kisha akachora. Mistari ya kwanza aliivuta kwa woga, maana aliyeketi mbele yake alikuwa hakimu wake wa miaka kumi na mmoja. Lakini penseli iliteleza, na weusi ukashuka wenyewe, shavuni, shingoni, chini ya kidevu, na paji la uso likang'aa katikati yake pale alipoacha karatasi ipumue.

Saa tisa na nusu Mama Mkwe akavaa miwani. Akatazama muda mrefu.

"Shingo hujaweka mikunjo."

"Nimesahau, mama."

"Usikumbuke," alisema, akafunga mkoba wake. Mchoraji akambebea begi hadi stendi akiwa na moyo mzito, kwa kuwa hakujua kama ameshinda au ameshindwa.

Pale stendi utingo akanyoosha mkono kuchukua picha, iliyofungwa katikati ya makaratasi mawili magumu. "Lete hiyo, mama, niitie kwenye buti."

"Buti?" Mama Mkwe aliikumbatia. "Hii ni mimi. Mimi niende kwenye buti?" Akafungua karatasi la juu, utingo akachungulia, na abiria wa dirishani nao wakachungulia.

"Duh! Ni wewe kabisa, mama. Nani huyu kakuchora?"

"Mkwe wangu. Yule pale, anayepunga mkono na gari bado halijaondoka." Akainua kidevu. "Anachora," alisema, kwa sauti ambayo wazazi wengine huitumia kusema mtoto wao ni daktari.

Basi na iandikwe, na watoto waikariri, kwamba siku hiyo, saa kumi kasoro dakika nne, mbele ya utingo mmoja na abiria ishirini na wanane, baada ya vita vya miaka kumi na mmoja, ngome ilianguka. Picha ilipewa kiti cha dirishani. Mama Mkwe alikaa cha pembeni, akailipia nauli.