Kitoweo cha Maulidi kwa Mzee Miraji

Jumatatu, 4 Juni 1956
Mzee Miraji atasoma maulidi nyumbani kwake hapa Nguvumali, Ijumaa. Mtaa mzima unajua anatupima nani amwoze bintiye Sabiha, mimi au Uweso. Uweso kwa pupa yake kaahidi mbuzi. Mjinga! Mbuzi ni mbuzi tu, ukimtaja umeshanaswa. Mimi nikakohoa, nikaahidi kitoweo. Neno pana, halina kwato wala mkia. Mzee kanishika mkono mbele ya watu.

Jumanne, 5 Juni
Dada yangu Mwatumu kanisema. Ati shughulini mtu akitaja kitoweo, watu wanaona nyama. Nikamwuliza, kisamvu si kitoweo? Dagaa je? Kunde? Akanikumbusha Idi niliyomwahidi nguo nikampa kitambaa cha kichwa. Kwani kitambaa si nguo? Hana shukrani.

Jumatano, 6 Juni
Watu wanasema naleta ng'ombe. Sikukanusha. Sabiha kapita, kanitazama, kacheka. Moyo wangu! Nampenda mno yule binti.

Alhamisi, 7 Juni
Mzee kamwambia Uweso abaki na mbuzi wake, kitoweo kimeshapata mwenyewe. Alete ndimu na pilipili. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kisha nikachuma kisamvu shambani kwa Mwatumu, makapu mawili. Mwenyewe hakuwepo, afadhali.

Ijumaa, 8 Juni
Fedheha! Nimefika asubuhi, visu vimenolewa, wageni wametoka mpaka Moa. Bi Mwamvua, mama yake Sabiha, kafunua kapu, kafunika, kafunua tena. Kauliza ng'ombe yuko wapi. Nikamweleza kwa adabu kwamba kitoweo ni neno la jumla. Mzee Miraji hakubisha. Kasema kweli, kisamvu ni kitoweo. Na mimi ni mwanamume, hilo pia hakatai, ila yeye anamtafutia bintiye mume.

Uweso kumbe keshakimbilia kwao, huyo anarudi na mbuzi wake. Vigelegele! Mimi nikapewa kinu nitwange kisamvu changu. Roho imeniuma sana. Mbuzi alikuwa mtamu, nilirudia mara ya pili.

Jumapili, 10 Juni
Uweso kamposa Sabiha, kakubaliwa. Nimelia kidogo, kisha nimewaza, nikaliona kosa langu. Kitoweo ni neno jembamba mno.

Leo nimekwenda kwa baba yake Kijakazi, binti wa mtaa wa pili asiyeolewa bado. Wiki ijayo ana hitima. Nimempa shikamoo yake, nimekaa kitako, nimemwahidi kitu. Kafurahi huyo!