Paa la Bibi na Makapi ya Maharage

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Joto. Saa nane mchana chumbani kwa Bibi Gaudiosa unachoma mahindi bila mkaa. Bati letu hapa Singe ni la enzi za Babu, limeshika kutu rangi ya chai, na jua likilipiga linalia ta, ta, ta. Leo Bibi kaanguka akishuka kitandani. Presha. Nesi aliyekuja kumpima akatazama juu kutafuta dari, hakuiona, akasema huyu mama mtamuoka.

Shangazi Edda kafika kutoka Bonga kabla sijamaliza chai. Shikamoo Shangazi. Marahaba, bila kunitazama. Kasema anamchukua mama yake leo hii, kwake kuna dari na feni. Bibi akagoma. Babu amelala nyuma ya zizi, na yeye mahali pake ni ubavuni kwake. Akihamia Bonga watamzika Bonga. Halafu akanishika mkono mbele ya wote. Kwani mimi sina mume? Mume wangu huyu hapa. Ataniezekea.

Maana Bibi ananiita mume wangu tangu nazaliwa, kama mabibi wote. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mume ni mume, na kazi ya mume ni paa.

Ikaamuliwa hivi: Baba yuko mgodini Mirerani na simu yake haipatikani, kwa hiyo Mama anauza mtamba, tunanunua mabati, Shangazi anarudi Jumapili ya tarehe 17 kukagua. Chumba kikiwa bado tanuri, Bibi anakwenda Bonga moja kwa moja. Mama akauliza nani atachagua mabati. Nikanyoosha mkono. Mimi nimefika kidato cha pili. Niliacha shule mwenyewe, baada ya kufukuzwa.

Jumanne, 5 Novemba

Duka la vifaa vya ujenzi, mjini. Nani yuko kaunta? Egidius! Jirani yetu. Mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli. (Alivunjika jino. Hakunisikiliza.) Siku hizi ana fulana ya duka: MSHAURI WA MAPAA.

Kanionyesha mabati mapya. Bati juu, sponji ngumu katikati, bati chini. Wanayaita sandwichi. Nikamwuliza yanaliwa na chai ya rangi au ya maziwa. Hakucheka. Kasema ile sponji ndiyo inayozuia joto lisishuke. Kwa chumba kimoja pesa ya mtamba inatosha kabisa, nichukue hayo, rangi nyeupe, maana nyeupe hainywi jua. Nilikaribia kukubali. Naapa nilikaribia.

Halafu akaharibu. Mbele ya wateja: na usituletee ule ujanja wako wa kidato cha pili, Aniceti, hili ni paa la Bibi.

Nikatoka kichwa juu. Nikajigonga kwenye mlango wa chuma.

Alhamisi, 7 Novemba

Bibi kanipa siri bila kujua! Nilikuwa nampepea na mfuniko wa ndoo, akaanza habari za Dareda alikozaliwa. Nyumba ya tembe. Paa la fito na majani, juu yake udongo, ng'ombe humo humo ndani. Anasema msimu wa joto kama huu walikuwa wanajifunika blanketi mchana.

Nikaacha kupepea. Sponji ya bure! Udongo ni mzito, sawa. Lakini makapi ya maharage? Stoo imejaa tangu tulipopura. Mama aliyaweka ya kumlisha mtamba, na mtamba ameuzwa! Akili hii ingebaki shuleni walimu wangekosa kazi.

Mpango: bati la zamani libaki chini, makapi katikati, bati jipya juu. Egidius na sandwichi yake akale.

Mabati nimenunua duka lingine. Muuzaji kauliza geji 28 au 32. Nikamtazama kwa huruma. 32 inaizidi 28, hata darasa la kwanza wanajua. Na bei yake iko chini! Nikalipa haraka kabla hajashtuka. Rangi nyeusi, kama magari ya wakubwa. Chenji ikabaki. Nikachapisha fulana: MSHAURI MKUU WA MAPAA. Mkuu!

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeezeka mwenyewe. Fundi wa nini? Bati lenyewe laini ajabu, nikikanyaga linabonyea kama karatasi ya sigara. Nikajua ndiyo teknolojia.

Egidius akapita, akasimama barabarani, mikono kiunoni. Kwa sauti ya kufika Nangara akauliza kwa nini misumari naipiga bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Nikamjibu bondeni ndiko kila kitu kinakotulia, hata maji. Kasema, umesema mwenyewe. Akauliza ni geji gani. Thelathini na mbili, nikasema, nikavuta fulana asome vizuri. Akashika kichwa. Eti kwenye bati namba ikipanda unene unashuka. Mwanangu, hiyo umenunua karatasi ya kufungia chipsi!

Wivu. Nikampungia nyundo.

Jumatatu, 11 Novemba

INAFANYA KAZI!

Saa nane mchana, jua kali, Bibi amelala. Anakoroma! Mama kagusa ukuta, kagusa paji la uso la Bibi, katoka nje kujifuta macho kwa kanga akisema ni moshi. Hakukuwa na moshi.

Bibi kaamka kauliza kama kumekucha. Kisha katazama juu. Kasema, mume wangu, hapa sasa ni Dareda.

Sijawahi kusifiwa hivi na mtu mwenye akili timamu. Nimepita mbele ya nyumba ya Egidius na fulana. Nikarudi. Nikapita tena.

Jumatano, 13 Novemba

Panya.

Kumbe makapi yalibaki na punje. Ukoo mzima umehamia, na wajomba. Bibi anasema wanacheza mpira na refa hawana. Nimeazima paka, nikamsukumia huko juu. Kashiba, kalala huko huko, hataki kushuka.

Nikamwomba Bibi avumilie mpaka Jumapili. Kasema alimvumilia Babu maisha yake yote, panya ni wageni tu. Lakini macho yake yamekuwa mekundu, na uji kaacha nusu.

Jumapili, 17 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Shangazi kaja baada ya misa, na wigi jipya. Kaketi kitandani kwa Bibi. Kagusa ukuta. Kanusa. Chumba kilikuwa kimepoa kweli, panya nao leo walinistahi. Akasema, labda. Shangazi Edda kusema labda! Bibi akanikonyeza.

Halafu ikaja kutoka upande wa ziwani. Mvua ya kwanza ya msimu. Kila tundu la msumari likawa bomba. Maji ya kahawia, yenye harufu ya zizi, yakaanza na wigi. Kisha mto wa Bibi. Kisha kila mahali. Bati nililolikanyaga sana likajaa kama beseni, likapasuka, lile la kutu chini yake nalo likaachia, makapi yakashuka kwa mafungu. Paka akashuka mwenyewe.

Nilishika sufuria. Nikashika ndoo. Sikujua pa kuweka. Bibi alikaa katikati ya kitanda, kitenge kimemgandia mwilini, anatetemeka. Mwanamke aliyekuwa anaungua wiki mbili zilizopita. Nimemtoa kwenye moto nimemtia kwenye maji.

Shangazi kafunga nguo za Bibi ndani ya shuka, fundo moja. Bibi akaomba apitishwe kwanza nyuma ya zizi. Akasimama pale, Mama kamshikia mwavuli. Alichomwambia Babu sikukisikia.

Garini nikampa mkono. Nilingoja aniite mume wangu.

Kaniita Aniceti.

Jumamosi, 23 Novemba

Chumba kinanuka. Mama haongei na mimi, anaongea na masufuria.

Asubuhi hii nimeona kijani ukingoni mwa bati. Nikapanda. Paa limeota! Zile punje zilizowashinda panya, zimeloa, zimepata joto la bati jeusi, zimechipua. Miche inaning'inia pande zote kama ndevu. Mbuzi wa jirani wamesimama kwa miguu ya nyuma, wamepanga foleni.

Egidius kapita. Kauliza mboga nauza kwa fungu au kwa bati. Nikajifanya nafukuza mbuzi.

Alikwenda, akarudi. Safari hii kwa sauti ndogo. Kasema dukani kuna yale mabati ya sponji, yamekwaruzika safarini, bosi wake yuko tayari kuyaachia, tutakuwa tunalipa kidogo kidogo. Kuezeka ataezeka yeye, bure. Kasema Bibi alikuwa anampa maziwa ya mgando kila akitoka shule.

Nikamwambia nitafikiria. Hakuna mtu anayeudhi kama jirani akiwa mwema.

Jumapili, 24 Novemba

Bonga. Bibi nimemkuta sebuleni kwa Shangazi, chini ya dari, chini ya feni. Baridi nzuri. Amekaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri basi. Amepungua. Shikamoo Bibi. Marahaba. Akauliza jambo moja tu: chumba changu kimekauka?

Nilitaka kusema kweli. Mdomo ukasema kimekauka.

Na kimepoa?

Kimepoa, Bibi.

Akamwita Edda aje asikie. Shangazi kanitazama kwa jicho nisilopenda kulikumbuka. Bibi akainama akavuta kitu chini ya kochi. Lile shuka. Fundo lile lile, hajalifungua wiki nzima. Kasema basi Jumapili ijayo uje unichukue, mume wangu.

Mume wangu!

Nimerudi Singe kichwa kizito. Nikapita kwa Egidius. Mlango ulikuwa wazi, yeye yuko ndani anasafisha nyundo. Nikasimama. Aliinua macho, akanisogezea kiti.

Nikamwambia napita tu.

Maana njiani nilikuwa nimeshagundua kosa. Si misumari. Si geji. Ni maharage! Maharage ni mbegu, na mbegu itaota tu. Sasa kule Nangara kuna mama anachinja kuku wa kisasa, manyoya anayatupa gunia kwa gunia, anabembeleza watu wayachukue. Makavu. Mepesi. Laini kuliko sponji yoyote. Kesho alfajiri nakwenda na toroli.

Manyoya hayaoti.