Mishale ya Chaki

Jumatatu, 3 Juni
Mwezi wa pili huu nasukuma machela hospitalini, na bado korido zote naziona sura moja. Leo nimempeleka mgonjwa wa jino wodi ya wajawazito. Mwanamume mzima, na ndevu zake! Wamecheka mpaka manesi. Mwenzangu tunayemwita Njiwa, ambaye hata umfumbe macho na kumzungusha atakuonyesha geti liliko, amesema watu tumeumbwa tofauti, nikikwama nimuulize. Nimuulize yeye? Aliyeanza kazi nyuma yangu? Thubutu.

Jumanne, 4 Juni
Dawa imepatikana. Nimewahi alfajiri, nimechora mishale ya chaki kila kona. Siku nzima nimepita kama mwenye jengo. Njiwa kanisifu. Nimemwambia ni kipaji.

Jumatano, 5 Juni
Sina hamu. Bibi wa wodi ya saba aliomba nimpeleke amwone mumewe kabla hajaingizwa kwenye upasuaji, saa nne kamili. Tulitoka na dakika ishirini mkononi. Kona ya kwanza, hakuna mshale. Ya pili, hakuna. Mama wa usafi alikuwa amefuta kuta zote, Mungu ambariki kwa bidii yake. Tukapita jikoni. Tukapita jikoni tena. Tukapishana na Njiwa, akauliza kama tumepotea. Nikamjibu kwamba bibi anapunga upepo. Tulipofika, mlango ulishafungwa, taa nyekundu inawaka. Bibi akauwekea mkono ule mlango. Kisha akasema, "Mwanangu, si ungeuliza tu?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alhamisi, 6 Juni
Mzee ametoka salama. Nimeshukuru mpaka machozi. Ila bibi kaniambia mzee aliingizwa huku akigeuzageuza shingo kumtafuta. Nimeomba radhi. Amenisamehe upesi kuliko nilivyostahili, na hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 7 Juni
Msimamizi ameagiza Njiwa anizungushe jengo zima wiki ijayo. Njiwa amekubali bila hata kunicheka. Nimewaambia wasihangaike, kosa lilikuwa la chaki, na rangi ya mafuta nimeshanunua. Kazi imeisha saa kumi. Sasa ni saa kumi na moja na nusu, na haya nayaandikia stoo ya mashuka, nilikoingia nikitafuta mlango wa kwenda nyumbani. Njiwa amechungulia mara mbili, kaniuliza kwa upole kama nimekwama. Nimemwambia nahesabu mashuka.