Ndagala wa Mama Wataingia Kwenye Tovuti

Jumatatu, 26 Julai 2004

Nimeamua. Ndagala wa Mama, dagaa wa ziwani, wataingia kwenye tovuti! Mama hajui tovuti ni nini. Nilimweleza kwamba ni kama meza ya sokoni, ila inaonekana mpaka Ubelgiji. Akaniuliza nani atafukuza nzi huko.

Mwalimu Darius ametoka Bujumbura kutufundisha ordinateri, yaani kompyuta, wakati huu wa likizo, katika ukumbi wa komine, ofisi ya serikali ya hapa. Ordinateri ni moja, sisi ni ishirini na wawili. Jenereta ikizima, tunachora skrini kwenye daftari. Skrini zangu ni safi kuliko za wote. Jumanne ijayo atarudi mjini na disketi zetu na kuziweka kwenye intaneti, kwa maana hapa Rumonge intaneti haijafika.

Si mchezo. Mkubwa wa soko, Mzee Abdoulkarim, ana nafasi moja chini ya mabati. Jumatatu ijayo atampa muuza ndagala anayevuta watu wengi. Mama anauzia nje. Mvua zikianza mzigo utaoza, kama mwaka jana. Mshindani wetu ni Vestine wa meza ya pili, mwenye kitambaa cha plastiki chenye maua. Na sauti.

Jumanne, 27 Julai

Kanuni ya mwalimu: mgeni huamini maneno ya mteja kuliko ya muuzaji. Kwa hiyo kila tovuti nzuri ina kitabu cha wageni. Nimeweka daftari kwenye meza ya Mama, na kalamu imefungwa kwa uzi. Juu nimeandika: MAONI YA WATEJA WETU WAPENZI. Nitayahamishia kwenye disketi.

Mpaka adhuhuri hakuna aliyeandika. Nikaandika mwenyewe. Wateja wanne, mmoja daktari, mmoja dereva wa lori. Nilibadilisha mwandiko.

Vestine akaja kusoma kwa sauti, soko zima likisikia. Akauliza mbona daktari na dereva wa lori wote wanachora duara juu ya i. “Mama Nafisa, wateja wako wamekaa dawati moja!” Muuza mihogo alicheka hadi akakaa chini. Mama aliniambia niombe msamaha kwa Mungu, kisha nikaanike samaki. Niliomba. Maoni ya daktari nimeyaacha. Ni mazuri mno.

Alhamisi, 29 Julai

Mteja wa kweli! Bi Mwanvua, mama mmoja wa Minago. Hajui kuandika, akaniomba nimwandikie. Nikatayarisha maneno kichwani: wasafi, wakavu, watamu. Yeye akasema: “Andika hivi, binti yangu. Hadji, mwanangu, tulipotezana siku ile ya risasi. Mimi ni mzima. Niko Minago kwa shangazi yako. Njoo.”

Nilimwuliza kwa heshima kama angependa kuongeza neno juu ya ndagala. Akafikiri sana. Akasema Hadji alikuwa akiwapenda. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa.

Kanuni nyingine ya mwalimu: kila maoni yajibiwe siku hiyohiyo. Chini yake nikajibu: “Tunashukuru kwa maoni yako. Karibu tena!” Nilimsomea. Akanishika mkono, akashukuru: murakoze.

Ijumaa, 30 Julai

Balaa. Mbalamwezi! Mitumbwi imelala mchangani, kwani mwezi ukiwa mkubwa ndagala hawafuati taa za wavuvi. Kila mtoto wa ziwani analijua hilo. Hata mimi. Lakini kwenye disketi nilikwisha kuandika NDAGALA WAPYA KILA SIKU, na jenereta ikazima kabla sijafuta.

Na daftari! Watu kumi na watano wameandika leo, na hakuna hata mmoja aliyetaja samaki. Mmoja anamtafuta mkewe kwenye makambi ya wakimbizi ya Kigoma. Mmoja anatangaza kwamba amepata mtoto wa kike. Mmoja anamwambia kaka yake kwamba baiskeli yake iko salama Gitaza. Nimewakaribisha wote tena. Vestine anapita akisema Mama Nafisa sasa anauza karatasi.

Jumatatu, 2 Agosti

Meza zote mbili tupu. Vestine amekaa na maua yake ya plastiki. Kwetu mstari umefika barabarani, hata lori likashindwa kupita. Dereva akashuka akigomba. Akaliona daftari. Akasoma kurasa mbili, akaomba kalamu. Chini ya maneno ya Bi Mwanvua akaandika: “Hadji, mtoto wa Bi Mwanvua, yuko Nyanza-Lac, anashona viatu. Kesho nampelekea habari. Mimi Shafii, dereva.”

Ndipo akafika Mzee Abdoulkarim! Akauliza tumeuza kilo ngapi. Mama akasema hata moja. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akautazama mstari, akasema hajawahi kuona meza tupu inayovuta watu hivi, na watu hawa wanahitaji kivuli. Mabati ni yetu!

Vestine alisema, “Kwa karatasi tu!” Halafu akaingia kwenye mstari. Ana dada yake Tanzania, miaka minane sasa hana habari zake. Alipomaliza kuandika alijifuta macho kwa kitenge. Nilimjibu kama wengine. Karibu tena.

Jumanne, 3 Agosti

Ushindi! Sababu ni wazi: kichwa cha habari kilikaa katikati kabisa, na daktari alisaidia.

Mwalimu Darius amechukua disketi. Ameomba pia daftari, apeleke maneno yote mjini. Nilimtahadharisha kwamba karibu kurasa zote hazitaji ndagala. Aliniangalia muda mrefu. Nadhani alivutiwa na umakini wangu.

Chini ya mabati lazima tufanye kazi kwa utaratibu. Nimefungua daftari jipya na kubandika tangazo: HABARI ZA JAMAA HAZIANDIKWI HAPA. NDAGALA TU.

Watu wamekuja wengi asubuhi. Walisoma tangazo, wakatazamana, wakaondoka. Sasa ni alasiri na ukurasa bado ni mweupe. Bila shaka wamekwenda kutafuta maneno mazuri.