Jua Tumeshalileta

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa msaidizi wa mgeni rasmi, ambaye ni shemeji yangu. Daktari wa zahanati hii, wauguzi, viongozi wa dini zote, wazee wetu, akina mama mlioketi juani na watoto wenye homa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi ya watu wanne.)

Nasimama kifua mbele kuzindua Mradi Shirikishi wa Mkonge Mdogo wa Mapambo, mmea wa kimo cha kuku, wenye miiba mikali, ambao kwenye semina ya hotelini, tena penye kiyoyozi, tuliambiwa hauna makuu: unataka jua la kutwa na udongo mkavu, basi. Kwa hiyo awamu ya kwanza tukakata miti yote ya kivuli mliyokuwa mkimsubiria daktari chini yake, na jua, ndugu zangu, limepatikana kwa asilimia mia moja! (Miguno.) Awamu ya pili, kwa kuwa maji mengi huozesha mizizi, tukafunga bomba. Ukavu nao umepatikana, tena kabla ya muda! (Bibi mmoja: "Na maji ya kumezea dawa, baba?")

Swali zuri sana, bibi yangu, limepokelewa na linafanyiwa kazi, ila tusichanganye dawa na maendeleo. Wapo wenye midomo wanaosema eti hapa ni kiwanja kitupu. Kitupu! Hizo changarawe mnazoziona zimekaa kimkakati. Mahitaji ni matatu, jua, ukavu na mkonge. Mawili tayari, yaani utekelezaji ni asilimia sitini na sita nukta sita. (Mtoto analia.) Mama, mbembeleze, machozi yasidondokee udongo wa mradi.

Mkonge juu! Miiba mbele! (Sauti: "Kivuli je?")

Mwisho kabisa, namshukuru muuguzi wa zamu kwa kutuazima chungu hiki chenye mkonge wake wa dirishani, ili mpiga picha apate cha kupiga. Dada, utakichukua tukishaondoka. Mikonge ya mradi hatujaagiza, na kusema kweli hatukupanga kuagiza. Nikiwatazama mlivyokaa hapo, juani, bila tone la maji, na bado mmesimama imara, naona mkonge wa nini tena? Mmeota vizuri. Asanteni sana.

(Bibi anainuka, anajifunga kanga kiunoni: "Ngoja basi, mwanangu, na miiba nayo uione.")